Mwaka wa Utando wa Bati

Alhamisi, tarehe tisa Januari. Upepo wa ziwani tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya sufuria, na juu ya vilima vya Loima yamesimama yale mawingu ya mwezi huu ambayo hayanyeshi. Asubuhi, nikiwa bado nafagia, simu ililia, nambari nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, imechoka. Aliuliza kama mimi ndiye Akiru wa Lodwar niliyefanya kazi na Barasa zamani zile za betri. Nikasema ndimi. Akasema yeye ni mke wake, na kwamba Barasa amefariki Jumapili, moyo, ghafla tu akiwa anafunga viatu, na watamzika wiki ijayo kwao, kule Kenya, kama tunavyosema sisi hapa mtu akishapita Kitale. Aliomba niandike ukurasa mmoja wa kusomwa siku ya mazishi, kwa sababu marehemu alikuwa akitaja Lodwar mara nyingi na hakuna mwingine wa huku anayemjua. Nilimpa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli. Nikamwambia nitaandika.

Sasa ni saa nane mchana na sijaandika ukurasa wowote. Nilianza hivi: Marehemu alikuwa mtu mwema. Nikafuta, kwa sababu sina hakika. Nikaandika kwamba alikuwa mtu mbaya, nikafuta pia, kwa sababu si kweli, na mke wake hajanikosea kitu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, na insha zangu zilikuwa zinarudi zimejaa wino mwekundu. Pengine mtu aliyesoma zaidi angejua namna ya kusema jambo hili kwa mistari mitatu na akalala vizuri. Mimi nitaliandika lote hapa kwanza, kwenye daftari langu, halafu nione kama kuna kitu kitabaki cha kumtumia mama wa watu. Habari za kwetu na nilikotoka naziacha. Naanzia kwenye chumba.

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya seremala, upande wa kwenda Kanamkemer. Kuta za mawe, paa la mabati, dirisha moja ambalo Barasa alilifunika kwa blanketi. Ilikuwa katikati ya mwaka 2012. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, mtu mzima tayari, kipara kimeanza, anasomea shahada ile ya juu kabisa, na alikuja Lodwar kutafuta joto. Alikataa feni. Alikataa tufungue mlango mchana. Kwenye meza kulikuwa na mashine yenye nyaya nyingi nyembamba, na kila waya umeshika betri ndogo, nyingine kama kifungo cha koti, nyingine bapa kama pakiti ya majani ya chai. Mashine ilizijaza chaji, ikazinyonya, ikazijaza tena, mchana na usiku, na taa zake ndogo zikawa zinapepesa kama zinanong'onezana. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchota maji, kuangalia kama taa yoyote imegeuka nyekundu, na kumwambia. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana na kila gari geni lilikuwa la mafuta machoni pa watu. Nje ya ukuta nilimsikia seremala akimwambia mteja wake, wenzake wanachimba kwa mitambo mikubwa kule Lokichar, huyu wetu anayatafuta kwa kijiko. Barasa alisikia pia. Alicheka mpaka akatoa miwani. Naandika hilo kwa sababu ni haki yake: alijua kucheka akichekwa.

Alinifundisha, na hilo pia ni haki yake. Sikuwa nimemwomba. Tulikuwa tunakula mchana kwenye hoteli ya mama mmoja karibu na stendi, chapati na maharagwe ya madondo, siku nyingine nyama ya mbuzi ya kukaanga, na siku moja nilimuuliza tu kwa nini anahangaika na betri wakati betri zinauzwa kila duka. Akaelekeza kidole kwenye karai ambapo mandazi yalikuwa yanakaangwa. Akasema betri ya simu ina pande mbili, na kuna kitu kinaitwa lithiamu kinachovuka kutoka upande huu kwenda ule ukiichaji, na kurudi ukiitumia. Upande unaopokea unaitwa anodi. Kwenye betri za kawaida anodi ni unga mweusi, ndugu wa ile risasi ya penseli. Yeye aliutoa ule unga, akaweka bati, bati lenyewe, lile laini linalotumika kulehemu redio, akalipaka juu ya karatasi ya shaba, utando mwembamba kuliko unywele. Bati hubeba lithiamu nyingi zaidi kuliko ule unga. Shida yake, akasema, ni hiyo unayoiona kwenye karai. Likishapokea linavimba. Likitoa linanywea. Likivimba na kunywea siku baada ya siku linapasuka, linabanduka kwenye shaba, betri inakufa.

Nikamuuliza basi dawa yake ni nini. Akafurahi kama mtoto aliyeulizwa jina lake. Akasema mama mwenye hoteli anajua dawa: hajazi karai. Anaacha nafasi, kila andazi livimbe bila kumsukuma mwenzake. Yeye alikuwa anapaka bati kupitia chujio laini sana, likae kwa vipande vidogo vidogo vya mraba, na vichochoro katikati. Kabla ya hapo aliikwaruza shaba kwa tindikali ili bati lipate pa kushika, na baada ya hapo aliuoka ule utando kwenye tanuri lisilo na hewa, shaba na bati ving'atane. Kule Nairobi, kwenye chumba cha baridi, ulikuwa umedumu vizuri. Alitaka kujua kama utadumu mahali ambapo watu wanaishi kwenye joto na hawana umeme. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba hilo lilikuwa wazo jema. Alitufikiria sisi. Watu wengi wanaotengeneza vitu hawatufikirii.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 alileta taa. Zilikuwa taa ndogo za sola, ndani yake betri za utando wa bati, na ubavuni tundu la kuchajia simu. Tulizipeleka Kakuma kwa pikapu, barabara ile ya mashimo, taa zimefungwa kwa magodoro. Nyingine zilikwenda kwa familia za Waturkana kando ya laga ya Tarach, mto ule mkavu, nyingi zikaenda kambi ya wakimbizi, bloku moja ya Wakongo na Wasudan Kusini. Pale ndipo tulipompata Mapendo. Mapendo alitoka Uvira, alikuwa mrefu, sauti nene ya mtu wa kwaya, na kila mtu kwenye bloku alimwita Mama Mapendo ingawa hakuwa na mtoto. Kazi aliyopewa ilikuwa moja: kupita kila nyumba yenye taa, kila siku, na kuuliza, mmechaji taa leo? Akijibiwa ndiyo, anampelekea Barasa ndiyo, ikahesabiwa chaji moja. Siku ya kugawa Barasa alisimama juu ya pikapu akawaambia watu kwamba taa ni ya nyumba moja, isitoke nje ya nyumba hiyo, ichajiwe mara moja kwa siku, na atakayeitoa atanyang'anywa. Mapendo alitafsiri kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiarabu cha Juba, mimi kwa Kiturkana. Watu walipiga makofi. Jioni ile ile, tukitoka, niliona taa moja inavuka njia mkononi mwa mwanamke, inaingia nyumba ambayo haikuandikishwa.

Mimi sikushangaa, na Barasa hakuona. Kwetu mtu akikuomba kitu kilicho mkononi mwako, huwezi kusema huna. Hata kama unakihitaji. Utampa, halafu kesho utakwenda kuomba chake. Nilikuwa nafikiri ni Waturkana tu, lakini kambini nako, kwa watu wanaoshirikiana mgao wa chakula na bomba la maji, taa moja haiwezi kukaa kwa mtu mmoja huku jirani anazaa gizani. Mama Achol, Msudan mmoja mnene mcheshi aliyekuwa na taa yenye alama ya buluu, mimi na Mapendo tulipofika kwake mara ya kwanza taa haikuwepo. Akatukalisha, akatupa chai ya tangawizi, akazungumza habari za mbuzi, mpaka mimi nikauliza. "Taa iko kanisa," akasema. "Wewe usisema kwa mzee. Malesh." Mzee alikuwa Barasa, na malesh kwao ni samahani. Asubuhi taa ya Achol iliwachajia simu nusu ya bloku mpaka ikaisha. Mchana ikawekwa juani ikajaa. Jioni ikaenda kwaya, ikarudi imechoka, na aliyehitaji baadaye aliipeleka kwa kijana mwenye jenereta. Ilikuwa ikijaa na kuisha mara mbili, siku nyingine tatu, na kila siku Mapendo alipouliza, mmechaji, Achol alijibu ndiyo. Na ilikuwa kweli.

Lakini Mapendo alimwambia. Hili ndilo naomba nisikosee, kwa hiyo nitaliandika polepole. Ilikuwa safari yetu ya pili. Alitukaribisha kwake, nyumba ya matofali ya udongo, ndani safi, kitambaa cha kushona juu ya redio. Alipika fufu, lengalenga, yaani mchicha wa kwao, na samaki mkavu wa ziwani, akiwasikitikia sana samaki wetu kwamba si ndagala, wale dagaa wa Tanganyika. Barasa alikuwa ameendesha tangu asubuhi, alikula kama mtu aliyetoka kulima. Mapendo akasema, "Mwalimu, ile mataa inatembea sana. Haikae kwa nyumba moja. Inakula chaji mbili, tatu kwa siku." Barasa alikuwa na tonge mkononi. Akasema, "Muhimu inachajiwa, mama. Lengalenga hii umeipika na nini?" Akamjibu ni karanga. Mazungumzo yakaenda kwenye karanga. Kwa miaka hii yote nimejiuliza kama alisikia. Njaa inaziba masikio, najua. Pengine alisikia neno chaji akaridhika. Lakini aliambiwa. Alikaa kwenye mkeka wa mwanamke yule, anakula chakula chake, akaambiwa.

Kufikia Aprili taa zikaanza kufa. Ilianza moja kando ya laga, halafu kambini zikafuatana. Nyingine betri zilivimba zikainua kifuniko kama mkate. Barasa alizirudisha Lodwar, akazipanga sakafuni mwa kile chumba cha joto, akakaa katikati yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na barua kutoka kwa wafadhili wake kwamba wanakuja kuangalia, na kama utando haukufika hata nusu ya muda alioahidi, mradi unafungwa na masomo yake yanakwama. Sijapata kumwona mtu mzima amenyauka vile. Hakuwa anakula. Nilimletea chapati ikakauka juu ya mashine. Siku moja kabla ya wageni kuja nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimeshika ufagio. Nikamwambia, Mwalimu, yale aliyokwambia Mapendo kule kwake, mimi pia nimeona. Nikamweleza kuhusu kwaya, simu, jenereta, mama aliyezaa, wale wa laga wanaoamka nayo kufukuza fisi. Safari hii alisikia. Alisimama, akachukua chaki ya seremala, akaandika hesabu ukutani, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Halafu akageuka. Macho yalikuwa yamejaa. "Basi utando wangu haukushindwa, Akiru," akasema. "Umefanya kazi ya taa mbili." Tulikunywa chai yenye maziwa mengi siku ile. Akaniambia kwamba Mapendo ni mtu wa maana sana, na kwamba ndani ya kila taa kuna kijisahani cha elektroniki kinachohifadhi chaji yote iliyopita, akikifungua Nairobi atajua kwa uhakika. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha ambayo hata haikuwa yangu.

Mkutano ulifanyika Kakuma, chini ya turubai, bloku nzima imekaa. Wageni walikuwa watatu, lakini aliyezungumza alikuwa mwanamke mmoja Mkenya mwenye suti ya kijivu, kwa Kiingereza, na mwenzake akawa anatafsiri. Simlaumu sana. Alikuwa ameletewa taa zilizokufa mapema, na habari kwamba kila siku zilichajiwa mara moja. Kwa macho yake ilikuwa ama betri mbovu ama mtu anadanganya. Akauliza nani alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Mapendo akasimama, amevaa kitenge chake cha Jumapili, akaeleza yote, kwa sauti ile nene, bila kuficha majina na bila aibu. Mimi nikasimama nikasema ni kweli, nimeona. Nilikuwa na kandambili na kitambaa cha kazi kichwani, na nilijua wananionaje, lakini nilisema. Yule mwanamke akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Barasa. Akamuuliza kama hayo ni kweli.

Nimeuona uso wake mara nyingi tangu siku ile, mara nyingi kuliko nyuso za watu ninaowapenda. Alitazama kalamu yake. Kama angesema ndiyo, wangemuuliza ni jaribio gani hilo ambalo mwenyewe hajui taa zake ziko wapi, na pengine wangekuwa na haki ya kuuliza. Aliogopa. Mimi pia huwa naogopa. Akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie au kwa sababu alichanganyikiwa, sijui: "Sina data ya hilo."

Hakusema uongo. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na haijahama. Angesema uongo ningemsamehe mapema, kwa sababu mtu anayedanganya anajua amedanganya na unaweza kumrudia. Lakini ile sentensi ilikuwa safi. Hakuwa na data. Data zilikuwa ndani ya taa ambazo hazijafunguliwa, na alijua zimo, na jana yake alikuwa amelia kwa furaha mbele ya ukuta wa chaki. Angeweza kusema, nipeni muda nizifungue. Ni maneno matatu tu, hata mimi wa darasa la nane naweza kuyapanga. Badala yake aliiacha sentensi yake imekaa pale, na yule mwanamke wa suti akaichukua akajenga juu yake nyumba nzima. Akasema, na ikatafsiriwa kwa lugha zote, kwamba taarifa za Mama Mapendo haziwezi kuaminika, kwamba taa zimetumiwa vibaya, kwamba zote zirudishwe, hata zile zinazowaka bado. Mapendo alikuwa bado amesimama. Mama Achol peke yake ndiye aliyeongea, kwa Kiarabu, na nilielewa neno moja tu, kalas, basi. Watu walianza kwenda kuleta taa. Waliziweka chini mbele ya Mapendo, wala si mbele ya wageni, na mwanamume mmoja aliweka yake kwa kishindo akasema, umetuuza kwa wageni. Jina lilianzia hapo. Mama Mapendo akawa Mama Data. Watoto waliimba. Kanisani walimwondoa kwenye kuongoza kwaya, wakisema ni kwa muda.

Njiani kurudi Lodwar Barasa alisema mara moja tu, tulipokuwa tumesimama kubadilisha gurudumu, kwamba mambo ya kitaalamu yana taratibu zake. Nilishika spana. Mradi ukafungwa, akafunga mashine, akaniachia blanketi la dirisha na meza, akanishika mkono kwa mikono miwili. Mwaka ukaisha hivyo. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba na yeye alipoteza, kwamba tulipoteza sote, na mtu aliyepoteza pamoja nawe unampunguzia. Nilikuwa nampunguzia mpaka leo mchana.

Kwa sababu mke wake amepiga tena. Nilikuwa nimefika pale pa mandazi nilipoacha kalamu kupokea. Aliuliza kwa upole kama nimeanza, wachapishaji wanataka karatasi kesho. Halafu, kwa kuwa yuko msibani na anataka kuongea, akaanza kunisimulia mume wake. Akasema ni Lodwar iliyomtengeneza. Alirudi Nairobi amevunjika, lakini akafungua zile taa, akasoma vile visahani vilivyomo, na kumbe betri zake zilikuwa zimedumu mara mbili ya vile walivyodhani. Ndiyo iliyompa shahada, ikampa kazi chuoni, akafundisha utando wa bati kwa vijana mpaka wiki iliyopita. "Alikuwa anawaambia wanafunzi hadithi hiyo kila mwaka," akasema. "Kwamba watu wa Turkana walizifanyisha kazi mara mbili na hazikulalamika. Walikuwa wanacheka sana."

Nikamuuliza, katika hadithi hiyo, kuna mtu anaitwa Mapendo? Akafikiri. Akasema hajawahi kusikia hilo jina. Basi nikamweleza. Sikupandisha sauti, nadhani, ingawa binti yangu alitoka nje akanitazama. Nilimweleza fufu na kwaya na turubai na kalamu. Nilimwambia kwamba data alizipata, na barabara ya Kakuma ilikuwepo, na simu zilikuwepo, na nambari yangu haijabadilika tangu mwaka ule, yeye mwenyewe amenipata asubuhi kwa nambari hiyo hiyo. Niliomba jambo moja: siku ya mazishi isomwe sentensi moja tu, kwamba Mapendo wa Kakuma alisema kweli. Nilisikia watu nyuma yake, vyombo, mtu anaomba sukari. Akasema, "Dada, nakuelewa. Lakini siku hiyo ni ya kumzika. Niache nimzike." Na mimi nikamwambia sawa, kwa sababu ni mjane. Hasira yangu haina haki ya kukaa kwenye kiti cha mbele msibani. Najua hilo. Kujua hakuipunguzi.

Nikampigia Mapendo. Yuko Kalobeyei siku hizi, walihamishiwa huko, anakaanga sambusa mbele ya nyumba yake na kuziuza kwa watu wa bodaboda. Kwanza aliuliza Barasa amekufa na nini, akasema Mungu amupokee, na alimaanisha. Halafu nikamwambia habari ya visahani. Mafuta yalikuwa yanachemka upande wake, nikayasikia mpaka alipoyaondoa motoni.

"Mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

"Sasa kama tungemusikiliza, zikae kwa nyumba moja, angejua namna gani kama iko na nguvu?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilicheka, na yeye akacheka, kicheko kibaya kidogo, cha kooni. Nikaanza kumpa pole. Akanikata. "Usinipe pole kwa simu, Akiru. Pole ya simu nitaiweka wapi? Hapa bado kuna batu wa bloku ile. Achol iko hapa. Yule baba aliyetupa taa chini iko hapa, ananunua sambusa yangu kila siku, na kila siku ananiita Mama Data. Kuja useme mbele yao. Kwa sauti, kama siku ile. Lakini safari hii vaa kiatu."

Jumapili basi, baada ya ibada. Nimeshamwambia jirani wa pikipiki tutatoka mapema. Ukurasa wa mazishi nimeuandika hatimaye, ni mfupi: kwamba alikuja Lodwar kutafuta joto, kwamba alijua kucheka akichekwa, kwamba alinieleza betri kwa mandazi nami nikaelewa, na kwamba utando wake ulidumu, na waliojua hilo kabla yake walikuwa watu wa bloku moja ya Kakuma, wa kwanza wao Mama Mapendo. Sijui kama mke wake atauacha huo mstari wa mwisho. Ni ukurasa wake sasa.

Jioni tulikula ugali na samaki mkavu wa Kerio, na kunde kidogo zilizobaki za jana. Umeme ulikatika kabla hatujanawa, upepo bado unapiga mabati. Nikawasha tochi ya simu nikaisimamisha kwenye kikombe. Binti yangu akasema, mama zima, inakula chaji, tule tu hivi hivi. Jirani wetu, mama wa watoto wadogo, akabisha mlangoni kuuliza kama tuna mwanga. Nikampa ile simu akaondoka nayo, na sisi tukamaliza samaki gizani, tukitafuta miiba kwa vidole.